Uso wa Bi Cherehani Ulipotakata

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi hiyo ilinyesha mvua ya rasharasha, ile isiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu, na mawingu yalikuwa yameshuka karibu na paa la hospitali. Saa tatu na nusu Inspekta alikunja mwavuli wake mlangoni pa kliniki ya saratani, akamshika dada yake mkono, wakaingia chumbani kwa daktari.

Hakuja kikazi. Mwanamke huyo alikuja kama mdogo mtu. Kwa kawaida dada yake alisindikizwa na mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza, ambaye aliishi naye nyumba moja. Siku hiyo mkwe alisema ana kliniki yake ya wajawazito na hawezi kuwa mahali pawili. Inspekta akaomba ruhusa kituoni.

Dada yake mtaa mzima ulimwita Bi Cherehani, kwa sababu alishona sare za shule za watoto, na baadaye za watoto wa watoto hao. Hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Mwaka uliotangulia alipoambiwa ana saratani ya mapafu, alicheka, akidhani daktari amechukua faili la mtu mwingine.

Daktari aliweka picha mbili za kifua kwenye kioo chenye taa.

"Mama, hii ya kwanza ni ya miezi minne iliyopita. Uvimbe ulikuwa umesinyaa, umebaki kama kokwa. Hii ya pili ni ya jana."

Inspekta hakusomea udaktari, lakini tofauti aliiona.

"Umeanza kukua tena?" aliuliza.

"Umeanza. Si sana. Tumshukuru Mungu tumeuwahi." Daktari akamgeukia mgonjwa. "Kuna wakati saratani huizoea dawa. Niambie, upele wa usoni unaendeleaje?"

Bi Cherehani alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Umekwisha! Hebu nitazame vizuri, Daktari. Nilikuwa na uso kama fenesi. Watoto wa shule walikuwa wakija kupimwa sare wanajificha nyuma ya mama zao. Sasa hakuna hata kipele. Tulifanya sala ya shukrani nyumbani, ndugu wote wakaja. Hata huyu mdogo wangu aliimba."

"Niliimba vibaya," alisema Inspekta.

"Vibaya sana. Lakini Mungu hachagui sauti."

Daktari hakucheka. "Na vidole vilivyokuwa vinapasuka?"

"Vimepona."

"Na tumbo la kuendesha?"

"Limetulia kabisa."

Daktari aliweka kalamu chini. "Chupa ya dawa unayo?"

Bi Cherehani aliitoa mkobani. Daktari aliifungua, akatazama ndani, kisha akafungua mlango na kumwita mfamasia. Alikuja mwanamume mrefu, koti lake limepigwa pasi kama la bwana harusi. Alimimina vidonge kwenye sinia ndogo, akaweka kando yake kimoja alichokitoa stoo, akainama.

"Hivi si vyetu," alisema. "Vyetu vimechongwa herufi upande mmoja. Hivi havina kitu." Alikivunja kimoja kwa kucha, kikawa unga mweupe. "Hii ni kalsiamu, ya mifupa. Zahanati yoyote inayo."

Bi Cherehani alishika shavu lake laini, kama mtu aliyegundua kwamba nguo aliyosifiwa nayo si yake.

"Ndiyo maana," alisema Daktari. "Saratani ikiizoea dawa, uvimbe hukua, lakini ngozi haina habari, upele mara nyingi huendelea. Upele, vidole na tumbo vikitulia vyote kwa pamoja, nashuku kwamba dawa yenyewe haimo mwilini."

"Kwa hiyo tulimshukuru Mungu kwa ajili ya hatari," alisema Bi Cherehani polepole.

Inspekta alivuta kiti karibu na meza. Aliingia humu kama mdogo mtu. Sasa alikuwa askari.

"Daktari, vidonge hivi mtu angeviiba akavipeleka wapi?"

"Ndilo linalonishangaza. Si dawa ya kila mtu. Ile dripu ya kawaida hupiga kila seli inayokua haraka, ndiyo maana hata nywele huanguka. Kidonge hiki kinalenga. Kabla ya kumpa dada yako, tulichoma sindano tukatoa kipande kidogo cha uvimbe, maabara wakakipima, wakakuta hitilafu moja katika vinasaba vya saratani yake. Ni kama swichi iliyokwama, inaiambia seli: zaliana, zaliana, bila kunyamaza. Kidonge kinaifuata swichi hiyo na kuizima. Mwenye saratani isiyo na hitilafu hiyo akikimeza, hakimsaidii."

"Na upele unatoka wapi?"

"Ngozi ya kila binadamu ina swichi ya jamii hiyo, ila yake ni nzima. Kidonge kinaigusa nayo, ngozi inalalamika. Haya yote niliyaeleza siku ya kwanza, hapa hapa."

"Siku hiyo mimi nilisikia neno saratani tu," alisema Bi Cherehani. "Mengine yalinipita kama treni isiyosimama."

Daktari alishusha sauti. Dawa hiyo, alisema, huletwa kwa msaada, kila chupa kwa jina la mgonjwa. Ijumaa saa nane mchana kamati ya hospitali ingekutana. Ikiwa haitajulikana vidonge vimekwenda wapi, kamati ingesimamisha dawa ya Bi Cherehani. Mpaka siku hiyo angekuja kila asubuhi kumeza kidonge mbele ya muuguzi.

"Wakisimamisha, itakuwaje?" aliuliza Inspekta.

"Uliiona picha ya pili," alijibu Daktari.

*

Inspekta alianzia palepale. Alimfuata mfamasia stoo, chumba chembamba chenye makabati ya chuma na harufu ya karatasi mpya.

"Funguo za makabati haya anazo nani?"

"Mimi."

"Na mwingine?"

"Mimi tena, nikiwa na njaa." Mfamasia hakutabasamu. "Afande, unauliza kama nimeiba. Sema wazi."

"Umeiba?"

"Hapana." Alichukua chupa mpya, akafungua kifuniko, akamwonyesha karatasi yenye rangi ya fedha iliyobandikwa mdomoni pa chupa. "Inabandikwa kiwandani. Ikichanwa, hairudi. Muulize dada yako kama aliikuta nzima."

Bi Cherehani alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Aliposikia swali alijibu bila kufikiri. "Ilikuwa nzima. Mkwe wangu huichana mbele yangu, inalia chwaa. Mimi vidole viliponipasuka sikuweza tena kufungua kile kifuniko. Yeye ndiye hufungua, huniwekea kidonge kwenye kisahani kila asubuhi, na maji."

Inspekta alimrudia mfamasia. "Samahani, kaka. Vidonge vilitoka hapa vikiwa vizima. Vilibadilishwa nyumbani."

"Nimekusamehe. Ila umenitazama kama mwizi wa kuku."

"Nimeshawatazama wengi. Macho yamezoea."

Lakini moyoni hakuwa na mzaha. Mfamasia akishatoka kwenye kesi, waliobaki ni watu waliokula naye meza moja.

*

Saa kumi jioni siku hiyo hiyo alikaa sebuleni kwa dada yake. Cherehani ilikuwa dirishani, imefunikwa kitambaa. Shemeji yake, Dereva, alikuwa amerudi Jumamosi kutoka safari ya mwezi mzima ya kupeleka mizigo. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini.

"Shemeji," alianza Inspekta, "uliwahi kusema utavitupa chooni vidonge vya dada."

"Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe, mbele yangu."

Dereva alikuna kichwa. "Nilisema. Nilimwoa mwanamke mwenye uso kama kioo, nikarudi safari nikakuta uso umechubuka, analala kifudifudi anashindwa. Dawa gani hiyo inayompiga mtu makofi? Nilikasirika. Lakini kusema si kutenda."

"Mwaka jana ulivunjika mkono. Ulipewa vidonge vya mifupa?"

"Nilipewa."

"Viko wapi?"

Dereva aliinuka akaenda chumbani, akarudi na kopo. Inspekta alimimina kimoja kiganjani. Kilikuwa kikubwa na cha rangi ya chungwa. Akakitia mdomoni.

"Wewe!" alishtuka Dereva. "Unakula ushahidi?"

"Kitamu," alisema Inspekta akitafuna. "Hivi ni vya kutafuna, shemeji. Vilivyokutwa kwenye chupa ni vyeupe, havina ladha." Alimeza, akapangusa midomo. "Na chupa yako ya hospitali ilifunguliwa lini, dada?"

"Baba watoto akiwa njiani. Aliporudi alinikuta tayari nameza vya humo," Bi Cherehani alijibu kutoka kwenye kochi.

"Na uso ulianza kutakata lini?"

"Akiwa njiani pia. Aliporudi Jumamosi alipiga kelele za furaha mpaka jirani akadhani tumevamiwa."

Dereva alimtazama shemeji yake, na sauti yake kubwa ikapungua. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Basi ni nani? Mwanetu wa kwanza anafanya kazi mbali, hajaja tangu mwaka uanze. Humu ndani tuko watatu tu."

Kutoka uani ilisikika sauti ya mkwe akikung'uta nguo kabla ya kuzianika.

*

Inspekta alimkuta kwenye kamba, mimba imeshaonekana, mdomo umeshikilia kibanio. Mkwe alikitoa, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kliniki ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Wanakupa vidonge gani?"

"Vya damu. Na vya mifupa."

"Vya mifupa vikoje?"

"Vyeupe tu."

"Nionyeshe."

Mkwe alibana shati moja polepole. "Vimekwisha."

"Leo hawakukupa vingine?"

"Foleni ilikuwa ndefu. Nilirudi."

"Sasa hivi ulisema kliniki ilikuwa nzuri."

Mkwe hakujibu. Inspekta alichukua kibanio, akamsaidia kuanika shuka, kila mmoja ameshika pembe yake. Alikuwa amewahoji watu wengi katika maisha yake, na alijua kuna ukimya wa mwenye hila na ukimya wa mwenye kuelemewa. Huu ulikuwa wa pili, na ulimtisha zaidi.

"Baba yako hajambo?" aliuliza.

"Ana mafua tu," alisema mkwe haraka, kisha akainama kuchukua beseni lililokuwa tupu.

Usiku huo Inspekta alisali sala fupi. Alimwomba Mungu amwonyeshe ukweli, na akishauona, ampe moyo wa kuubeba bila kuuvunja nao mtu yeyote. Kisha akalala, kwa sababu aliamini kwamba ukishaomba, kukesha ni kumkumbusha Mungu kitu ambacho hajasahau.

*

Baba wa mkwe alikuwa mtengenezaji wa redio, na kila mtu alimwita Fundi Redio. Alhamisi saa tano asubuhi Inspekta alifika kwenye kibanda chake, katikati ya duka la viatu na kinyozi. Rafu zilijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Mlango ulikuwa nusu wazi, na mzee alikuwa amekaa gizani na kofia yake imeshushwa hadi kwenye nyusi.

"Hodi, mzee."

"Karibu, Afande! Nani kaniibia, au nimeiba mimi?" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja.

Inspekta alisubiri kikapita. Aliona vidole vya mzee vimefungwa plasta, karibu vyote. Kifaa cha kuunganishia nyaya kilikuwa kimepoa mezani.

"Hufanyi kazi leo?"

"Vidole vinapasuka kama vya mpiga kokoto. Nikishika waya naona nyota."

"Vua kofia, mzee wangu, nikusalimie uso kwa uso."

Mzee alisita, kisha akavua. Mwanga wa mlangoni ukamwangukia. Pua, mashavu na paji la uso vilikuwa vimejaa vipele vyekundu, vingine vimekauka, vingine vibichi. Kope zake zilikuwa zimerefuka na kujikunja.

"Usinicheke," alisema. "Nimebalehe upya. Kinyozi jirani ananiambia nitafute mchumba."

"Yalianza lini haya?"

"Miezi miwili hivi. Na tumbo nalo linaendesha. Lakini binti yangu anasema ni dalili njema, ugonjwa unatoka nje."

"Ugonjwa gani?"

Mzee alitazama mlango. Alirudisha kofia kichwani. "Mafua."

"Anakupa nini?"

"Vitamini. Ananiletea kila asubuhi, anasimama mpaka nimeze. Mtoto yule! Mama yake alipofariki alikuwa mdogo, na tangu siku hiyo ananilea yeye." Macho yake yalilowa. "Kila siku namshukuru Mungu kwa ajili yake. Mwenye binti kama huyo hana haja ya kitu kingine."

Inspekta alitazama redio moja, akaigusa kitufe chake bila sababu. Alikuwa ameshapata alichokitafuta, na kilikuwa kizito kuliko alivyodhani.

"Mzee," alisema hatimaye, "kesho saa nne uje hospitali, kliniki ya saratani. Mzazi mwenzako anakuhitaji."

"Bi Cherehani? Ana hali gani?"

"Hali yake inategemea kesho."

Mzee alivuta kofia chini zaidi. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo. "Milango ya hospitali na mimi hatuelewani, Afande. Lakini kwa ajili yake nitakuja."

*

Ijumaa, saa nne kamili, chumba cha daktari kilikuwa hakitoshi. Daktari alikaa nyuma ya meza. Mfamasia alisimama karibu na dirisha. Bi Cherehani na Dereva walikaa pamoja. Mkwe alikaa pembeni, na alipomwona baba yake akiingia na kofia yake, alinyanyuka nusu, akakaa tena.

Inspekta alisimama katikati.

"Sina hotuba," alisema. "Vidonge vya dada yangu vilifika nyumbani vikiwa vimezibwa, kwa hiyo si mfamasia. Chupa ilifunguliwa shemeji akiwa safarini, na kalsiamu yake ni ya kutafuna, kwa hiyo si yeye. Vilivyowekwa badala yake ni vyeupe, kama vinavyotolewa kliniki ya wajawazito." Alimgeukia Fundi Redio. "Vua kofia, mzee wangu. Nakuomba."

Mzee alivua.

Daktari alisimama taratibu kama mtu aliyemwona ndugu aliyepotea. Alikuja karibu, akatazama uso, akatazama vidole, akatazama kope.

"Upele huu naujua," alisema. "Dawa imehamia kwa mtu mwingine."

"Kwa nani? Nini kimehama?" aliuliza mzee. Kisha akamtazama binti yake, na hakuhitaji kujibiwa. "Mwanangu. Zile vitamini?"

Mkwe alipiga magoti sakafuni, si mbele ya Inspekta wala daktari, bali mbele ya Bi Cherehani.

"Ni mimi, mama."

Dereva aliruka kutoka kwenye kiti. "Wewe! Tumekufungulia nyumba, mke wangu anakuita mwanangu, na wewe unamchimbia kaburi kwa kisahani? Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi!"

"Kaa chini, baba watoto," alisema Bi Cherehani.

"Sikai!"

"Basi simama kimya. Nataka kusikia."

Mkwe alizungumza akitazama sakafu. "Baba alianza kukohoa damu. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nilijaribu kumleta hapa, akakataa sindano ya kutoa kipande. Picha ya kifua alikuwa amepigwa mahali pengine. Walisema ni uvimbe, kama wa mama. Nikafikiri: ugonjwa mmoja, dawa moja. Mwanzoni nilichukua nusu. Kidonge kimoja kwa mama, kesho yake kwa baba. Kisha baba akatoka upele." Aliinua uso kwa daktari. "Siku ile ya kwanza nilikuwepo mimi. Ulisema upele si jambo la kuogopa, ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Nilipouona kwenye uso wa baba nililia kwa furaha. Nikasema Mungu amejibu. Nikampa vyote."

"Na mimi?" aliuliza Bi Cherehani.

"Picha yako ilisema uvimbe umesinyaa. Nilidhani umeshapona, mama. Nikaona aliyepona anaweza kumpisha anayekufa. Nikakuwekea vyangu vya mifupa, nikasema angalau vitakufaa." Sauti yake ilikatika. "Halafu mkaita watu wafanye sala ya shukrani kwa sababu uso wako umetakata."

"Ulilia siku ile kuliko sisi wote," alisema Inspekta. "Nilidhani ni furaha. Katika sebule nzima wewe peke yako ulijua uso ule maana yake nini."

"Nilitaka kusema. Kila wimbo ukiisha, nilitaka kusema."

Daktari alivuta kiti akakaa karibu na mkwe, akaongea kwa upole. "Nilichosema ni kweli, ila ulikisikia nusu. Upele unaonyesha kwamba dawa imeingia mwilini. Hauonyeshi kwamba saratani ya baba yako ina ile swichi. Ngozi yake imelengwa. Uvimbe wake hatujui. Inawezekana kwa miezi miwili amebeba mateso yote ya dawa bila faida yake hata moja. Saratani mbili zinaweza kukaa kwenye pafu mahali pamoja na zisifanane. Hakuna anayeweza kulijua hilo bila kupima kipande."

Mkwe aliweka uso kwenye viganja. Nje, kwenye korido, muuguzi aliita namba ya mgonjwa mwingine.

"Mimi ni askari," alisema Inspekta baadaye, "na ni mama yako mdogo. Mmoja kati ya hawa wawili lazima anyamaze. Nitaandika yote kama yalivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza, nimpe mkuu wangu aamue, maana siwezi kuwa hakimu wa nyumba yangu."

"Nitakwenda popote utakaponipeleka," alisema mkwe.

"Ukiandika," alisema Bi Cherehani, "andika pia kwamba mwenye vidonge hadai." Akaweka mkono juu ya kichwa cha mkwe wake. "Sitasema haikuniuma, mwanangu. Imeniuma. Umechukua uhai wangu ukaupima kwa macho, kama kitambaa, ukaona umebaki wa kutosha kukata. Lakini wewe ndiye uliyenisindikiza hapa nilipokuwa siwezi kusimama. Uliniosha. Mungu alikuwa akiniponya kwa mikono yako kabla mikono hiyo haijakosea. Siwezi kumshukuru kwa nusu na kumnyima nusu." Alimtazama mumewe. "Hatoki nyumbani kwetu."

Dereva alirudi kwenye kiti akakaa. "Kidonge utamezea hapa hospitali," alisema hatimaye kwa sauti ya kukwaruza. "Kisahani kile nakivunja mimi."

"Kivunje," alisema Bi Cherehani. "Ni cha mama yako."

Mfamasia alikuwa wa kwanza kucheka, akajifanya anakohoa.

"Kamati itasemaje?" Inspekta alimuuliza daktari.

"Kamati ilitaka kujua dawa imekwenda wapi. Leo mchana nitaiambia, nikiwa na mgonjwa wa kuonyesha. Nimekaa kwenye kamati hiyo. Inaogopa kisichojulikana, haiogopi ukweli. Bi Cherehani ataendelea na vidonge vyake, kila asubuhi mbele ya muuguzi, na tutapiga picha nyingine. Uvimbe uliowahi kutii dawa hii nina matumaini utatii tena."

Bi Cherehani alifumba macho, midomo ikacheza bila sauti. Kisha aliyafumbua akaanza kushukuru watu mmoja mmoja: daktari aliyeuliza habari za upele, mfamasia aliyevunja kidonge kwa kucha, mdogo wake aliyetafuna ushahidi. Alipofika kwa Fundi Redio alisimama.

"Na wewe, mzazi mwenzangu. Mficha maradhi..."

"Usimalizie," alisema mzee. Alikuwa amekaa na kofia magotini, machozi yakipita kati ya vipele. "Kosa si la mtoto peke yake. Mke wangu aliingia kwenye mlango kama huu, wakamchoma sindano ya kutoa kipande, na baada ya wiki chache nikamzika. Watu wakaniambia sindano ndiyo iliyouamsha ugonjwa. Nikaamini."

"Sindano haikuuamsha, mzee," alisema Daktari. "Iliukuta umeshaamka. Ila ilimkuta amechelewa."

Mzee alipokea maneno hayo kama mtu anayepokea mzigo kwa mikono miwili. "Kwa hiyo mimi niliogopa sindano, mwanangu akaogopa kunipoteza, na aliyekuwa anakufa ni huyu mama."

"Bado hatujafa, wote wawili," alisema Bi Cherehani. "Kwa hiyo sema utafanya nini. Sema kwa sauti, sisi ni mashahidi."

Fundi Redio alisimama. Aliweka kofia kwenye kiti, uso wake wote ukawa wazi kwenye mwanga wa dirisha, akamshika binti yake mkono akamwinua kutoka sakafuni.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema, "Jumatatu nitakuja hapa kwa miguu yangu. Nitalala kwenye kitanda mtakachonionyesha, na Daktari atachukua kipande anachokihitaji. Maabara wakisema kuna kidonge changu, nitakimeza. Wakisema hakipo, nitakaa kwenye dripu na nywele zidondoke. Na kuanzia leo, nikikohoa, nitakohoa mbele ya watu. Sitamwapisha tena mwanangu anyamaze."